Wakuu, hivi sisi na Wachina babu yetu ni mmoja, au wao wana babu yao kule Beijing?

#1 Nondo Kumi na Mbili
Wakuu, salama?

Niko saiti ya daraja na Wachina, mwaka wa tatu sasa. Juzi mvua ilitukatisha kazi, tukajibanza kwenye kontena tunakunywa chai, nikamchokoza sovea wetu, yule mpimaji wa Kichina. Kiswahili chake cha saiti kimenyooka kuliko cha vibarua wengine. Nikamwambia, bosi, wewe mwenyewe kwenu asili ni Olduvai, babu zako waliondoka kwa mguu tu. Nilitegemea acheke. Jamaa akakaza uso: "Wewe Olduvai. Mimi Beijing." Anasema shuleni walifundishwa habari za Mtu wa Beijing, zamadamu aliyekaa pangoni akiota moto, na kwamba huyo ndiye mzee wao.

Mimi historia yangu iliishia kwa Zinjanthropus wa kidato cha kwanza. Huyo Mtu wa Beijing yupo kweli? Na kama yupo, ndiye babu wa Wachina?

Nawasilisha.

#2 Kiti cha Nyuma
Leo nakaa kiti cha mbele. Karanga ninazo. Ngoja waje wajuvi.

#3 Mwalimu wa Zamu
Yupo. Pango linaitwa Zhoukoudian, kilomita kama 50 kusini-magharibi mwa Beijing. Wenyeji kile kilima walikiita Kilima cha Mifupa ya Joka. Mswidi mmoja, Johan Gunnar Andersson, alikuwa anafanya kazi ya jiolojia kwa serikali ya China, akapelekwa hapo na uchimbaji ukaanza 1921. Yakatoka meno. Halafu tarehe 2 Desemba 1929, Pei Wenzhong, kijana wa Kichina aliyekuwa akisimamia kazi, akatoa kipande cha juu cha fuvu, karibu kizima. Jua lilikuwa linazama, baridi kali, wanachimba kwa mshumaa.

Ni Homo erectus, zamadamu aliyetembea wima kabla yetu. Ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 1,000 hivi, wetu ni kama 1,350. Aliishi miaka 500,000 iliyopita. Babu wa Wachina? Hapana. Ule ukoo ulikwisha, watu wa sasa walitoka Afrika baadaye sana wakajaza dunia. Uzi ufungwe.

#4 Pima Tena
Mwalimu, usifunge uzi kwa kufuli bovu. Hiyo 500,000 ni ya vitabu vya zamani. Mwaka 2009 walipima upya kwa aluminiamu na beriliamu zilizomo kwenye kwatzi ya mashapo na mawe waliyotumia, ikaja karibu miaka 770,000. Na hakuna aliyesubiri fuvu la Pei. Davidson Black, Mkanada aliyekuwa akifundisha chuo cha udaktari Beijing, alishampa jina la Sinanthropus tangu 1927 kwa kutegemea jino. Jino! Fuvu lilikuja kumwokoa.

Hilo la "ukoo ulikwisha" nitalirudia.

#5 Mwalimu wa Zamu
Sawa, 770,000 nimepokea. Hiyo nyingine nakusubiri.

#6 Binti Masomoni
Mie nipo Beijing nasoma, pango hilo nimekwenda. Hapo penyewe wamepajengea paa kubwa sana la kujikunja kama ganda la kobe, mvua isiharibu. Nikaingia makumbusho, nikapiga picha na fuvu kama mtu aliyekutana na shangazi yake. Natoka nje mwenzangu Mchina ananiambia lile ni la plasta.

Kisa chake: mafuvu ya asili yalipotea Desemba 1941. Wajapani walikuwa wameshaishika Beijing, ikaonekana bora yapelekwe Marekani yakahifadhiwe. Yakapakiwa kwenye makasha mawili, wakakabidhiwa wanamaji wa Marekani wayafikishe bandari ya Qinhuangdao, yapande meli ya President Harrison. Meli haikufika bandarini, maana Pearl Harbor ilishapigwa na vita vikalipuka kote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeyaona makasha yale. Kilichobaki ni nakala nzuri alizoacha Franz Weidenreich, mtaalamu aliyeyachunguza mafuvu hayo, pamoja na michoro na vipimo vyake.

#7 Mja wa Mola
Mimi baba yangu ni Adam. Endeleeni.

#8 Kiti cha Nyuma
Shehe hakuna aliyekukatalia. Karanga?

#9 Kijana wa Eldoret
Hizo boksi ziliibwa bana. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Chicago alitangaza zawadi ya dola 5,000 mwaka 1972. Mwanamke akamwita wakutane juu ya jengo la Empire State, akamwonyesha picha ya mifupa ndani ya kasha, kisha akapotea. Baadaye huyo mfanyabiashara akashtakiwa kwa udanganyifu wa pesa alizokusanya za kutafuta hiyo mifupa. Yaani hata zamadamu ana madalali.

#10 Binti Masomoni
Wengine wanasema yamezama, wengine yamefukiwa chini ya kambi ya zamani ya wanamaji pale Qinhuangdao. Kila mtu ana lake.

Nimesahau kuwaambia la ile "mifupa ya joka". Si jina la mapambo. Maduka ya dawa ya Kichina yaliuza visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, kwa karne nyingi. Wanasaga, wanapika, mgonjwa anakunywa kutuliza moyo na kupata usingizi. Wazungu wa mwanzo waliotafuta visukuku China walikwenda kwa mwenye duka la dawa kabla ya kwenda mlimani. Lile sokwe kubwa la kale, Gigantopithecus, lilijulikana 1935 kwa jino lililonunuliwa duka la dawa Hong Kong.

#11 Kiti cha Nyuma
Kwa hiyo babu zetu wengine wameshanywewa, tena watu wakalala vizuri.

#12 Daktari wa Mifugo
Turudi kwenye swali la Nondo. Mwaka 2001 timu iliyokuwa na Jin Li, mtaalamu wa vinasaba wa Kichina, ilichapisha matokeo ya wanaume 12,127 kutoka jamii 163 za Asia ya Mashariki na maeneo jirani. Waliangalia kromosomu Y, ile anayopewa mtoto wa kiume na baba yake peke yake. Kama Mtu wa Beijing angekuwa ameacha ukoo wa kiume, basi kati ya hao elfu kumi na mbili angalau mmoja angekuwa na alama ngeni. Wote, mpaka wa mwisho, walikuwa na alama iliyoanzia Afrika. Na waliofanya utafiti wengi wao ni Wachina wenyewe, kwa hiyo mwambie sovea asiseme ni propaganda ya wazungu.

#13 Pima Tena
Daktari, hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri, wewe na Mwalimu.

Babu yangu mzaa mama alizaa mabinti saba, hakupata hata kidume kimoja. Y yake imezikwa naye. Ila pua yake ninayo mimi, na kipara chake nacho kinakuja. Ukinipima Y utasema babu yule hakuwahi kuishi. Mstari wa baba hukatika kirahisi, damu inabaki.

Profesa Wu Xinzhi wa Beijing hakuwahi kusema Wachina walichipuka peke yao kama uyoga. Alisema "mwendelezo pamoja na mchanganyiko": wenyeji walikuwepo, wageni wakaja, wakaoana, wenyeji hawakufutika. Weidenreich alishaanza kuona hilo kabla ya vita. Kuna nyuso bapa, mashavu yaliyotokeza, na zaidi ya yote meno ya mbele yenye umbo la koleo. Mtu wa Beijing anayo. Wachina wa leo wengi wanayo.

#14 Kijana wa Eldoret
Koleo ni ile ya kushikia makaa ama?

#15 Nondo Kumi na Mbili
Koleo ya zege kaka. Huku saiti tunaita chepe.

#16 Kijana wa Eldoret
Aah, sepetu! Sema hivyo.

#17 Binti Masomoni
Kwetu Unguja ni beleshi, na wote mmekosea.

#18 Fundi Meno
Nimekuwa msomaji tu miaka mingi humu, leo mmenigusa kazini. Natengeneza meno ya bandia. Wekeni ulimi nyuma ya meno mawili ya juu ya mbele. Ukikuta pamenyooka, huna. Ukikuta kingo mbili zimesimama pembeni na katikati pamebonyea, hilo ndilo koleo (au chepe, au sepetu, au beleshi). Mwaka juzi nilimtengenezea mteja Mchina jino moja la mbele, nikachonga kama nilivyozoea kwa watu wa hapa. Akalirudisha, anasema ulimi wake unalikataa. Nikaliongezea kingo, akaondoka anatabasamu. Tangu hapo napiga nakala ya jino la jirani kwanza.

Lakini Pima Tena, hoja yako ya meno ina tundu. Koleo la Waasia wa leo limefungamana na badiliko moja kwenye jini ya EDAR (jini yaani kipande cha vinasaba), na linakadiriwa lina miaka elfu thelathini na kitu tu. Jini hiyohiyo inanenepesha nywele. Mtu wa Beijing ni miaka 770,000. Halafu Neanderthali, wale binadamu wa kale wa Ulaya, nao walikuwa na makoleo yao. Kwa hiyo umbo moja limejitokeza zaidi ya mara moja. Mimi na ndugu yangu wa kambo tuna mwanya, na hatuchangii mzazi mwenye mwanya.

#19 Kiti cha Nyuma
Nipo kwenye daladala nalamba meno yangu kwa ndani, dada wa pembeni amehama kiti.

#20 Pima Tena
Fundi, hoja yako nzito, naikubali kwa upande wa meno. Sura yote kwa jumla bado.

#21 Mzee wa Mto
Mnabishana juu ya babu mmoja wakati China kuna msongamano wa mababu. Hamjagusa fuvu la Harbin.

Inasemekana mwaka 1933, Wajapani wakiwa wanatawala kule kaskazini-mashariki, kibarua mmoja aliyekuwa kwenye ujenzi wa daraja juu ya mto Songhua aliokota fuvu kubwa. Hakutaka Wajapani walichukue, akalificha ndani ya kisima kilichoachwa. Akanyamaza nalo maisha yake yote, akawaambia jamaa zake alipokaribia kufa. Mwaka 2018 familia ikalitoa, likafika chuo kikuu cha Hebei GEO. Mwaka 2021 likatangazwa kuwa aina mpya ya binadamu, Homo longi, watu wakamwita Mtu wa Joka. Lina umri usiopungua miaka 146,000. Ubongo kama wetu, lakini paji lina tuta la nyusi kama ukingo wa barabara.

#22 Nondo Kumi na Mbili
Kibarua wa daraja! Wakuu, kuanzia kesho kila ninachochimba nakiangalia mara mbili.

#23 Pima Tena
Kisa kitamu, ila ni cha kuhadithiwa na familia. Kitaalamu ni tatizo: fuvu halina shimo lake. Hujui lilikaa na wanyama gani wala tabaka lipi. Walilinganisha kemikali zake na za mifupa mingine na udongo wa eneo hilo, zikakaribiana. Kukaribiana siyo hatimiliki.

#24 Daktari wa Mifugo
Mzee wa Mto umeishia 2021, mambo yamesogea. Juni 2025 timu ya Fu Qiaomei ilikwangua ukoga uliogandia jino la hilo fuvu, wakapata vinasaba vya upande wa mama ndani yake. Kutoka kwenye mfupa mgumu wa sikio wakapata protini. Jibu: Mdenisova. Ni wale waliojulikana 2010 kutokana na kifupa cha kidole cha pango la Denisova, Siberia, tukawa na vinasaba vyao ila hatuna sura. Miaka 15 dunia inawatafuta, kumbe sura ilikuwa kisimani.

#25 Fundi Meno
Tangu leo nikiona ukoga kwa mteja namwambia usisugue, unatunza kumbukumbu.

#26 Binti Masomoni
Wadenisova wamo pia uwanda wa juu wa Tibet. Kuna taya la Xiahe, mkoa wa Gansu, liliokotwa na mtawa wa Kibudha mwaka 1980 pangoni, mita 3,280 juu ya usawa wa bahari. Lina miaka 160,000. Udenisova wake ulitambuliwa 2019 kwa protini. Na Watibeti wa leo wana jini inayowasaidia kuishi kwenye hewa nyembamba, jini hiyo imetoka kwa Wadenisova. Mwenzangu mmoja Mtibeti anapanda mlima huku anapiga simu. Mie ghorofa ya tano tu naomba maji.

#27 Mwalimu wa Zamu
Basi hapo Pima Tena na Wu Xinzhi wao wamepata kidogo: kuoana kulikuwepo. Lakini tuwe wakweli kwenye kipimo. Kwa Wachina sehemu ya Mdenisova haifiki hata asilimia 1. Wapapua ndio wana asilimia kadhaa. Na Mdenisova siyo Mtu wa Beijing. Kuna mtu wa pango la Tianyuan, kilomita kama 6 tu kutoka Zhoukoudian, ana miaka 40,000. Vinasaba vyake vimesomwa: ni mtu kama sisi, jamaa wa Waasia wa leo. Kama kulikuwa na mwendelezo pale kilimani, huyo jirani angeuonyesha.

#28 Pima Tena
Tianyuan ni mmoja tu, Mwalimu. Kati yake na Mtu wa Beijing kuna miaka laki saba. Humo ndani kuna visukuku vingine vya China: fuvu la Dali, Jinniushan, mifupa ya Xujiayao, taya la Hualongdong lenye miaka kama 300,000 ambalo lina vitu vya kale na vya kisasa kwenye mtu mmoja. Wengine walishawapa wa Xujiayao jina jipya, Homo juluensis. Wengine wanasema wote hao ni Wadenisova tu. Usiniambie mambo yameisha.

#29 Jiwe la Msingi
Hamjambo. Nachangia kwa zana za mawe, mifupa nawaachia.

Shangchen, uwanda wa udongo wa vumbi mkoa wa Shaanxi: zana za mawe zenye miaka milioni 2.12, zilitangazwa 2018. Ni za kale kuliko mafuvu ya Dmanisi kule Georgia, ambayo ni milioni 1.8 hivi. Pale karibu, Gongwangling, kuna fuvu la erectus lenye miaka milioni 1.63. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuondoka Afrika aliondoka mapema kuliko tulivyofundishwa, na hakuna mfupa wake hata mmoja Shangchen. Mawe tu. Huenda hakuwa erectus kabisa. Huenda alikuwa mtu wa aina ya Homo habilis, yule zamadamu wa kale zaidi wa pale Olduvai.

#30 Nondo Kumi na Mbili
Kwa hiyo sovea ametoka Olduvai! Nilijua!

#31 Jiwe la Msingi
Taratibu kaka, nimesema huenda. Mawe hayana jina la aliyeyagonga.

Na jambo lingine. Mwaka 1948 Mmarekani Hallam Movius alichora mstari kwenye ramani akasema mashariki yake hakuna mashoka ya mkono, watu wa huko walidumaa. Wakapatikana bonde la Bose, Guangxi, na mashoka makubwa ya miaka 803,000. Mstari ukatoboka. Wengine wanasema kule walitumia mianzi, ndiyo maana mawe yao ni ya kawaida. Mimi nimekulia kwenye mianzi ya ulanzi, najua unaweza kufanya nayo kisu, mkuki na jagi. Ila mwanzi huoza, kwa hiyo hiyo ni hoja isiyoweza kushindwa wala kushinda.

#32 Kiti cha Nyuma
Umetaja ulanzi, sasa nimeamka.

#33 Kijana wa Eldoret
Na moto? Nondo alisema Mtu wa Beijing aliota moto.

#34 Mzee wa Mto
Ndivyo vitabu vilivyosema miaka yote, tabaka nene za majivu. Mwaka 1998 wakapima, wakakuta mengi ya hayo "majivu" ni mashapo yaliyoletwa na maji. Wengine wakasema mifupa ya watu mule pangoni iliburutwa na fisi wakubwa wa kale, yaani mwenye nyumba ni fisi, binadamu ni kitoweo. Baadaye Wachina wakachimba tena, wakasema wamepata mifupa iliyoungua na sehemu zinazoonekana kuwa meko. Bado wanavutana.

#35 Mja wa Mola
Fisi mwenye nyumba. Nimerudi kusoma, msiniulize.

#36 Daktari wa Mifugo
Kabla hatujafunga: Septemba 2025 kulikuwa na vichwa vya habari "Chimbuko la binadamu siyo Afrika tena". Ilikuwa Yunxian 2, fuvu la Hubei lililopatikana 1990 likiwa limebanwa kama chapati. Wamelinyoosha kwenye kompyuta, wanasema ni la miaka kama milioni moja na liko kwenye tawi la akina Harbin. Kama ni kweli, tawi letu na lao yaliachana mapema kuliko vinasaba vinavyosema. Haisemi tulitokea China.

#37 Pima Tena
Haisemi pia kwamba hatukutokea. Nyinyi mnapenda kufunga uzi.

#38 Mwalimu wa Zamu
Na wewe unapenda kuuacha wazi nzi waingie. Visukuku vya sapiens, yaani watu wa aina yetu, vya kale zaidi viko Jebel Irhoud, Moroko, miaka 300,000. Wewe nipe cha China. Na usinitajie pango la Fuyan! Yale meno 47 ya Hunan yalitangazwa 2015 kuwa ya miaka 80,000 na zaidi, mwaka 2021 wengine wakapima meno ya pale moja kwa moja, yakaja ya juzi tu, hayafiki hata miaka 20,000.

#39 Pima Tena
Na waliochimba walikataa hicho kipimo. Nakwenda kula, nikirudi tunaendelea.

#40 Nondo Kumi na Mbili
Wakuu, asanteni. Leo asubuhi nimemsomea sovea uzi wote, mwingine kwa ishara. Kwenye Jin Li na wanaume 12,127 alinyamaza. Kwenye kibarua na kisima alisimama kabisa, akasema bibi yake ni wa Harbin. Kwenye kupotea kwa mafuvu alisikitika kama mtu aliyefiwa. Nilipomaliza akaweka ulimi nyuma ya meno, akafikiri, akasema: "Chepe ipo." Halafu akaniamuru nifungue mdomo anikague, na tochi ya kofia kabisa.

#41 Fundi Meno
Akakuta nini?

#42 Nondo Kumi na Mbili
Ugoro.